Nani Alipe Miaka ya Kujifunza?

Tarehe 10 Mei 2025, jijini San Francisco, Jonathan Kuminga aliwafunga Minnesota Timberwolves pointi 30 katika mechi ya tatu ya nusu fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA. Mwezi mmoja kabla yake, katika mechi zilizoamua nani aingie mtoano, kijana huyohuyo alikaa benchi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kosa la nidhamu. Kocha Steve Kerr aliona kwamba Golden State Warriors ikimweka Kuminga pamoja na Jimmy Butler na Draymond Green inapungukiwa na watupaji wa mbali, na msimu ulikuwa umefika mahali ambapo hapana tena nafasi ya kumsubiri mtu ajifunze. Ilibidi nyota wao Stephen Curry aumie msuli wa paja ndipo Kuminga akumbukwe tena.

Kuminga ni mtoto wa Goma, katika eneo la Kivu, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa huko Oktoba 2002, akahamia Marekani mwaka 2016 akiwa na miaka 13. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yamejaa watu waliotoka Kivu hiyohiyo. Wakongo ndio wengi kuliko Warundi, Wasomali na Wanyarwanda wanaoishi nao. Waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025, familia nyingine zikavuka mpaka kuingia Uganda. Swali lililomkaba Kuminga huko California, yaani timu ishinde leo au imkuze kijana wa kesho, linawahusu pia watu wa Ankole, eneo zilimo Isingiro na Mbarara. Ila huku linavaa sura nyingine, kwa sababu anayelipa gharama si yuleyule.

Warriors walidhani wanaweza kufanya yote mawili. Mwaka 2020 walimchagua James Wiseman akiwa wa pili katika drafti, yaani uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi, na mwaka 2021 wakamwongeza Kuminga katika nafasi ya 7 na Moses Moody katika nafasi ya 14. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: wazee washinde sasa, vijana wakue pembeni yao, kisha kijiti kipokelewe bila timu kuyumba. Juni 2022 ubingwa ukaja kweli, lakini ulikuja kwa mikono ya wazee. Februari 2023 Wiseman akapelekwa Detroit. Kuminga akabaki miaka mingine akipewa dakika leo na kunyang'anywa kesho, hadi Septemba 2025 aliposaini mkataba wa miaka 2 wenye thamani inayofikia dola milioni 48.5 baada ya mvutano wa kiangazi kizima. Hii ni klabu yenye timu yake ya pili huko Santa Cruz, jeshi la makocha na fedha za kutosha. Nayo imeshindwa.

Wanaomlaumu Kerr wanasahau kazi yake ni nini. Mchezaji wa miaka 20 hupoteza mpira pale ambapo mwenzake wa miaka 33 angeutuliza. Huchelewa nusu hatua kumfuata mpinzani, na nusu hatua hiyo ni pointi 3. Makosa hayo ndiyo ada ya shule. Yanapotokea Novemba, kocha anayameza. Yanapotokea Aprili, yanamgharimu kazi.

Mswahili anayefuatilia mchezo huu ana mfano wa karibu zaidi, nao unauma. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 tu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Curry aliyekuwa wa 7. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 alihitaji dakika nyingi uwanjani kufidia utoto ambao wenzake waliutumia chini ya kikapu. Lakini Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo, na walikuwa wamechoka kufungwa. Februari 2010 wakamshusha Thabeet kwenda Dakota Wizards ya ligi ya chini. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa kabla yake.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, wakamtoa kwenda Houston katika biashara iliyowaletea Shane Battier, mkongwe wa ulinzi aliyekuwa amewahi kuichezea Memphis. Tarehe 17 Aprili 2011 Battier alitupia mpira wa pointi 3 katika sekunde za mwisho na kuwapa Grizzlies ushindi wa 101–98 ugenini kwa San Antonio Spurs, ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu hiyo. Kisha wakawatoa Spurs, vinara wa kanda, kwa mechi 4 kwa 2. Kwa Memphis biashara ile ilikuwa halali kabisa. Kwa Thabeet ilikuwa mwanzo wa kuzungushwa kutoka timu moja hadi nyingine, na kufikia 2014 NBA ilikuwa imekwisha kwake. Anayesema kwamba klabu ikishinda na kijana ameshinda aanze kwa kusoma kurasa hizo mbili pamoja.

Wapo waliofanikiwa. San Antonio walimpa Tony Parker uongozi wa timu akiwa na miaka 19, mwaka 2001, na mwaka 2003 wakabeba kombe naye. Parker, hata hivyo, alikuwa na Tim Duncan na David Robinson wa kuyaficha makosa yake. Njia nyingine ni ya Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025 wakiwa na kikosi cha vijana: walikubali kushindwa waziwazi. Msimu wa 2020–21 walishinda mechi 22 tu, uliofuata 24. Mashabiki walivumilia, mwenye timu hakufilisika, na kila kipigo kiliwasogeza karibu na kijana bora wa drafti.

Hapo ndipo siri ilipo. NBA ni ligi iliyofungwa: hakuna kushuka daraja, mapato ya televisheni hugawanywa, na aliyefanya vibaya hutunukiwa chaguo zuri. Kushindwa kumewekewa bima. Kocha wa Uganda anayeambiwa aige Thunder anaambiwa aige nusu tu ya mambo.

Ligi kuu ya kikapu ya Uganda, inayosimamiwa na shirikisho la FUBA, ni ligi ya wazi. Timu za mkiani hushuka. Hakuna drafti. Mdhamini ni mfanyabiashara au chuo kikuu, na mdhamini anataka picha ya kombe. City Oilers, klabu iliyobeba jina la kampuni ya mafuta, ilitwaa mataji 7 mfululizo kuanzia 2013 hadi 2019, ikiongozwa uwanjani na Jimmy Enabu na kuimarishwa na wachezaji kutoka nje kama Mrundi Landry Ndikumana. Haikuwa dhambi, ilikuwa timu iliyopangwa vizuri katika ligi ambako wengi walipangwa ovyo. Ila utawala wa namna ile uliwafundisha wapinzani somo moja: ukitaka kumfikia Oilers, nunua mtu aliyekwisha kuiva. Timu za vyuo, kama UCU Canons ya Mukono na KIU Titans, ndizo zilizobaki na mzigo wa kulea, na malipo yao ni kumwona kijana akihitimu na kuhamia kwa mwenye fedha.

Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali Mei 2021, imeongeza joto. Msimu ule wa kwanza kanuni ziliruhusu kila timu wachezaji 4 wa kigeni, wasizidi 2 kutoka nje ya Afrika. Nafasi ni chache, na zinakwenda kwa nani? Patriots ya Rwanda ilimsajili mwanamuziki wa Marekani J. Cole, akiwa na miaka 36, akacheza mechi 3 na kurudi kwao. Tangazo lilikuwa kubwa na dunia ikageuza shingo kutazama Kigali. Mchezaji mmoja wa ligi hiyohiyo alilalamika hadharani kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtu aliyeutolea mchezo huu jasho lake lote, na alikuwa na hoja.

Turudi Isingiro. Nakivale ilianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko na kutangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Leo ni mji usio na hadhi ya mji, wenye watu zaidi ya laki moja na nusu waliotawanyika kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Mbarara, iliyopandishwa kuwa jiji Julai 2020, iko kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo. Ndiko kwenye shule zenye jina, Ntare na Mbarara High, na vyuo vikuu kama MUST na Bishop Stuart. Kampala na ligi yake iko kilomita 270 zaidi.

Mchukulie kijana wa miaka 14 anayeishi Juru, mrefu, mwepesi wa miguu. Ili aonwe na mtu wa ligi, sharti kwanza apate shule ya sekondari yenye timu, kisha shule hiyo ifuzu mashindano ya kanda, kisha ya taifa, na ikibahatika ifike michezo ya shule za Afrika Mashariki, kama ile iliyofanyika Bukedea mwaka 2024 au Kakamega mwaka 2025. Ufadhili wa masomo kwa wanamichezo ndio akademi ya Uganda. Nyingine ni za kuhesabu. Kwa hiyo serikali ilipofunga shule, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani, haikufunga madarasa peke yake. Ilifunga mfumo mzima wa kukuza vipaji. Kijana aliyekuwa na miaka 14 wakati ule alirudi shuleni akielekea 16, na miaka hiyo katika kikapu hairudi.

Halafu kuna chakula. Makocha wengi huzungumzia mitupo na mbio. Wachache huzungumzia posho. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji. Kundi la kwanza likapata asilimia 60 ya mgawo, la pili asilimia 30, na la tatu, wale waliohesabiwa kuwa wanajimudu, halikupata kitu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipokauka, wakimbizi karibu milioni moja nchini waliondolewa kwenye msaada huo. Mtoto anayekua kwa kasi na kufanya mazoezi jioni anahitaji chakula kuliko mtu mzima. Mama anayelima kipande cha ardhi alichopewa na kumgawia huyo mrefu sahani kubwa kuliko wadogo zake ndiye mwekezaji wa kwanza wa kikapu cha kulipwa, na jina lake halimo katika mkataba wowote.

Kikwazo cha tatu ni karatasi, nacho hakionekani hadi kijana awe mzuri. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasifiwa kwa haki: mkimbizi wa Uganda anaweza kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo klabu ya Mbarara au Kampala haina sababu ya kisheria ya kumkataa. Uraia ni jambo jingine. Katiba ya 1995, ibara ya 12, inamnyima haki ya kuandikishwa uraia mtu aliyezaliwa Uganda ikiwa mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Njia inayobaki ni tajnisi, inayodai miaka 20 ya kuishi nchini. Wakati huohuo kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinasema timu ya taifa inaweza kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Ziweke sheria hizo mbili pamoja: mtoto aliyezaliwa Nakivale, akasoma Mbarara, anayeimba wimbo wa taifa wa Uganda kila asubuhi shuleni, kwa timu ya taifa hana thamani tofauti na Mmarekani aliyepewa pasipoti mwezi uliopita. Na popote ligi inapoweka ukomo wa wageni, kocha anayetaka ushindi wa Jumamosi hawezi kumpa nafasi hiyo mtoto wa Isingiro wakati anaweza kumleta pivoti aliyekomaa.

Ndiyo maana kisa cha Khaman Maluach kinasimuliwa sana, na mara nyingi kinasimuliwa vibaya. Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala, katika familia iliyokimbia vita. Alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, baada ya mpita njia kuushangaa urefu wake na kumshauri ajaribu, na siku zile hakuwa hata na viatu vya michezo. Wenye kupenda miujiza huishia hapo, kisha wanaruka hadi drafti ya Juni 2025, alipochaguliwa wa 10 na kuishia Phoenix Suns.

Katikati kuna kazi ambayo haikuwa muujiza. Alichukuliwa na akademi ya NBA huko Saly, Senegal, akalishwa, akasomeshwa, akafundishwa. Kisha ukaja mpango wa BAL Elevate, ulioanza mwaka 2022, ambao humweka kijana mmoja wa akademi katika kila timu ya BAL. Maluach alicheza na Cobra Sport ya Sudan Kusini akiwa na miaka 15, akaenda AS Douanes ya Senegal mwaka 2023, na mwaka 2024 akavaa jezi ya City Oilers, klabu ya jiji alilokulia. Oilers hawakuvuka hatua ya makundi, lakini Maluach alikuwa mhimili wao chini ya kikapu. Miezi michache baadaye alikuwa Paris kwenye Olimpiki na Sudan Kusini, akiwa na miaka 17.

Angalia kilichotendeka. Klabu iliyozoea kushinda na wakongwe ilimchezesha kijana, wala haikuwa kwa huruma. Kanuni ya mashindano ilimleta bila kumlia mtu nafasi, na gharama ya kumlea ilikuwa imekwisha kulipwa na mwingine. Kocha hakulazimika kuchagua kati ya leo na kesho. Huo ndio mfano pekee katika uchambuzi huu ambapo mizani ilisimama bila mtu kuumia, nao ulitengenezwa na kanuni na bajeti. Ujasiri wa kocha haukuhusika sana.

Timu za taifa nazo zinafunza. Kwenye AfroBasket ya 2021 mjini Kigali, Silverbacks wa Uganda waliwafunga Nigeria 80–68, wakafika robo fainali na kumaliza wa sita, mafanikio ambayo hawakuwahi kuyaona. Nguzo yao alikuwa Ishmail Wainright, mzaliwa wa Kansas City, ambaye mwaka huohuo aliingia NBA na Suns. Sherehe ilistahili. Swali ambalo halikujibiwa ni ushindi ule uliacha nini Mbarara, Gulu au Mbale. Sudan Kusini, chini ya urais wa Luol Deng katika shirikisho lake tangu 2019, nayo ilijengwa kwa watoto wa ughaibuni, na ilishindwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101–100, London Julai 2024. Tofauti ni kwamba katika kikosi hichohicho alipewa nafasi mtoto wa miaka 17 kutoka Kawempe, kabla hajaiva.

Kuna kejeli moja ya historia isiyopaswa kupita kimya. Rais wa Rwanda Paul Kagame, ambaye serikali yake iliifanya Kigali kuwa makao ya fainali za BAL kuanzia 2021 hadi 2024, alikulia ukimbizini katika kambi ya Nshungerezi magharibi mwa Uganda na kusoma Ntare School hapa Mbarara. Mtu yeyote anayedhani makazi ya wakimbizi ni pembeni mwa mambo makubwa ya ukanda huu hajafuatilia.

Basi nini kifanyike? Mahubiri kwa makocha hayatasaidia. Kocha atafanya kile kinachomlinda. Kinachohitajika ni kupunguza bei anayolipa. Ligi kuu ikiweka sharti la kila timu kuchezesha angalau wachezaji wawili wa chini ya miaka 20 kwa dakika maalumu katika nusu ya kwanza ya mechi za kawaida, mtoano ukabaki huru, wote watabeba hasara sawa na hakuna atakayeshuka daraja kwa sababu ya kulea. Ikiamua kwamba mkimbizi aliyesoma miaka 3 katika shule ya Uganda asihesabiwe mgeni katika ligi ya ndani, haitavunja kanuni yoyote ya FIBA ya timu za taifa, na vijana wa Nakivale na wa makazi mengine ya wakimbizi kama Kyangwali na Bidi Bidi watakuwa na soko mara moja.

Fedha zirudi pia. Katika soka, FIFA huagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe vilabu vilivyomfundisha mchezaji kati ya miaka 12 na 23, na kuna vilabu vidogo vya Afrika vilivyoendesha msimu mzima kwa mgao wa namna hiyo. Kikapu kinachopita vyuo vya Marekani na drafti hakina ada ya kurudi kwenye uwanja wa kwanza. FUBA haiwezi kuibadili NBA, lakini inaweza kuagiza kwamba klabu ya Kampala inayomsajili kijana kwa mkataba wake wa kwanza ilipe shule iliyomlea, hata ikiwa ni mipira 10 na ukarabati wa ringi mbili.

Klabu zenye fedha zisingoje kanuni. Pivoti mmoja wa kigeni hugharimu tiketi, nyumba, mshahara na mlo wa miezi kadhaa, kisha huondoka. Kwa fedha hizo klabu inaweza kumweka kocha mmoja Mbarara mwaka mzima, kulipa nauli ya vijana wa Nakivale kila Jumamosi na kuwapa chakula cha mchana baada ya mazoezi. Mwenye klabu anayesoma haya na anayetafuta mchezaji wa msimu wa 2030 ajue kwamba huyo sasa ana miaka 14, na barabara ya kumfikia inapitia Kabingo, njiani kuelekea Nakivale.